Mwalimu Juu, Mimi Chini: Siku Saba Mafia

Siku ya kwanza, Alhamisi

Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na moja alfajiri. Begi langu la kuzamia lina kilo 19, na Baba Watoto ndiye aliyelibeba kutoka kwenye bajaji hadi kwenye basi la Nyamisati, huku akiniuliza kwa mara ya tatu kama kweli humo ndani hamna mtu.

Miaka sita nimekuwa nikienda kuzamia na wenzangu, yeye anabaki Dar na watoto. Mwaka huu shule zilipofunga watoto walikwenda kwa bibi yao, nikasema twende wote. Kosa langu la kwanza ni kumwambia "utapumzika". Mwalimu wa hesabu hapumziki, anatafuta cha kuhesabu. Halafu ni mtu wa Makete. Kwao maji ni ya mto, ya baridi, yanavukwa kwa gogo, na ukimwona mtu ameingia mzimamzima ujue ameteleza.

Nyamisati tukapanda chombo cha kwenda kisiwa cha Mafia. Kwenye mikoko ya delta ya Rufiji alifurahi, akawa anaonyesha ndege. Tulipotoka nje kwenye mawimbi akanyamaza. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na moshi wa injini, na alikuwa anasoma gazeti. Makosa mawili kwa mpigo. Nikamhamishia katikati ya chombo, nikamwambia atazame pale mbingu na bahari zinapokutana, nikampa kipande cha tangawizi atafune. Dawa ya kichefuchefu nilikuwa nayo kwenye begi, lakini hiyo humezwa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika, nayo inatoka.

Kilindoni tulifika alasiri, tukapata gari la kwenda Utende, upande wa pili wa kisiwa. Kwenye geti la hifadhi Mwalimu alirudi kuwa mtu, akataka kujua tozo ni ya nini. Nikamwambia hii ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, tangu 1995, kilomita za mraba 822, na watu wamo humohumo, wanavua, wanaoana, wanazikana. Akalipa bila neno. Usiku alikula wali na pweza wa nazi, akalala kama gunia.

Siku ya pili, Ijumaa

Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha.

Mlango wa Kinasi unazamiwa maji yakijaa. Ghuba ya Chole ni kama beseni lenye mdomo mwembamba. Maji yanapojaa, bahari kuu inaingia kwa nguvu kupitia mlangoni, safi, unaona mbali. Yanapokupwa, yanatoka na uchafu wa ghuba na yanataka kukuchukua. Kwa hiyo boti haitii nanga. Inakushusha juu ya mkondo, wewe unapeperushwa chini kama karatasi, nayo inafuata mapovu yako polepole.

Yote haya naelezwa mimi. Maelezo ya kabla ya kuzamia ni ya wanaovaa mitungi ya hewa, na aliyekaa kwenye benchi na kofia yake anapewa kipande cha tikiti maji.

"Utakaa huko muda gani?" akaniuliza wakati nafunga kiunoni mkanda wa risasi, ule uzito wa kunizamisha.

"Kama dakika arobaini na tano."

"Haya, Mama."

Nikaziba miwani kwa kiganja, nikajirusha kinyumenyume.

Huko chini kulikuwa na chewa mkubwa kama meza ya walimu, amejibanza chini ya jabali, mdomo unafunguka na kufunga bila haraka. Kulikuwa na kolekole wamejipanga kwenye mkondo, vichwa upande mmoja, kama abiria kituoni. Kasa alipita juu yetu. Mtungi wangu ulikuwa bado na hewa ya kutosha, kiongozi akanionyesha dole gumba na kidole cha shahada vimefunga duara, nami nikamjibu vilevile. Tulipopanda tukasimama mita 5 kwa dakika tatu, kama inavyotakiwa, ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu. Kisha tukatoa vichwa.

Boti ilikuwa mbali, kama mita mia tatu. Kiongozi akapuliza soseji, lile boya refu la kujazwa hewa, la rangi ya chungwa, ikasimama juu ya maji. Boti ikageuka. Mbele kabisa ya boti alisimama mume wangu, baharia kijana amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma asitumbukie.

Nilipopanda ngazi hakusema kitu. Alinishika mkono, akaupima kama daktari anayetafuta mapigo, akauachia. Saa yangu ilisema dakika 61.

Yaliyotokea huku juu nilisimuliwa na nahodha tunarudi. Dakika kumi za kwanza Mwalimu alikuwa anapiga soga. Akauliza mtungi unachukua nini. Nahodha akamwambia lita 12, umejazwa hadi shinikizo la baa 200. Wako kina gani? Mita 15 hivi. Shinikizo huko ni kiasi gani? Kila mita 10 inaongeza baa moja juu ya ile ya hewa yetu. Mtu anavuta lita ngapi kwa dakika? Nahodha akasema wengi lita 20. Mwalimu akatoa kalamu. Lita 12 mara 200 ni 2,400. Mita 15 ni baa mbili na nusu, kwa hiyo kila dakika zinakwenda lita 50. Gawanya: dakika 48.

Kwa hiyo tangu dakika ya 48 mume wangu alikuwa mjane. Nahodha alimwambia mapovu si hayo pale, Mwalimu, tazama. Hakuyaona. Aliona maji tu.

Tuligombana kwenye chakula cha usiku, kwa sauti ya chini, kama watu wa heshima.

"Ulisema arobaini na tano."

"Nilisema kama arobaini na tano."

"Mama, ningekuwa mimi nimepanda basi la saa mbili nikafika saa nne, ungekaa kimya?"

"Hewa ilikuwepo! Nimerudi na baa 50."

"Mimi ningejuaje?"

Hapo sikuwa na jibu, nikamwambia hesabu yake ina makosa. Hilo si neno la kumwambia mwalimu wa hesabu. Alichukua taa akaenda kulala, na mimi nikabaki namenya chungwa nisilolitaka.

Siku ya tatu, Jumamosi

Hakuja botini. Hakununa wala hakususa, alisema tu, "Nenda, Mama, mimi nitatembea." Nilizamia mara mbili. Sikumbuki vizuri niliona nini. Kitabu changu cha kumbukumbu kinasema samaki: mkunga wawili na taa mmoja.

Jioni nilimkuta barazani amevua viatu, miguu ina tope hadi kwenye magoti, uso unang'aa. Alikuwa amevuka kwenda kisiwa cha Chole kwa mashua ya abiria. Kwanza alikwenda kuwaona popo, wale wakubwa wanaokula matunda, ambao bara hawapo kabisa, ndugu zao wako Komoro. Mchana wanalala wananing'inia mitini, "kama sare za bweni zima zimeanikwa kwenye mti mmoja," alisema. Halafu akafika kwa mafundi wa majahazi, na hapo akakaa hadi jua linashuka.

Fundi alikuwa anachonga taruma kwa tezo. Taruma ndizo mbavu za chombo, na kila moja inatafutwa kwenye mti uliopinda vile inavyotakiwa ipinde. Mwalimu aliomba aone mchoro. Hakuna mchoro. Akauliza vipimo vimeandikwa wapi. Fundi, mzee wa makamo, aligusa jicho lake kwa kidole, akaendelea kuchonga. Walimpa pamba asaidie kalafati, kuisokomeza kwenye nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Alifanya kama mita moja, kijana akaja akairudia yote.

"Nimefundisha duara miaka kumi na minane," aliniambia, "yule mzee anachonga mbavu pande zote mbili za mkuku, ule uti wa chini wa chombo, zinalingana, hana hata bikari."

Nilimwonea wivu, niseme kweli. Nimekuja Mafia mara nne na sijawahi kukanyaga Chole. Naamka, nazamia, nakula, nalala.

Kabla ya kulala akasema, "Ile hesabu. Nipe namba zako za jana." Nikampa kutoka kwenye kompyuta ya kuzamia, ile ninayoivaa mkononi kama saa: nimetumia baa 150, dakika 61, wastani wa kina mita 12. Akakokotoa kwenye daftari dogo kwa ile kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Lita 1,800 gawanya kwa 61, gawanya tena kwa 2.2.

"Unavuta lita 13 na ushee. Si 20." Akalitazama jibu. "Wewe nyumbani ukipanda ngazi unavuta zaidi ya hapo."

"Chini sina watoto."

Akacheka. Yakaisha.

Siku ya nne, Jumapili

Leo alikuja na daftari. Kabla hatujavaa alimwendea kiongozi wetu akamwomba kwa adabu aelezwe mambo matatu: mnazama wapi, mwisho wa muda ni dakika ngapi, na huo muda ukipita asiyezamia afanye nini. Kiongozi alitaka kucheka, akaona sura ya Mwalimu, akaeleza. Mwisho ni dakika 60. Tukipitiliza, boti inatafuta soseji upande unakokwenda mkondo. Alimwambia hata la mtu akipotezana na wenzake: anatafuta dakika moja, haoni, anapanda.

Basi akachora safu nne: nani, ameingia, ametoka, amerudi. Ya mwisho ni ya tiki. Nahodha akamkabidhi kazi rasmi ya kuhesabu vichwa, na tangu hapo mabaharia wote wanamwita Mwalimu.

Tulikwenda Milimani, ndani ya ghuba, matumbawe yamesimama kama vilele. Maji yametulia. Nilitoka dakika ya 54 na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti yake: "Wa tatu huyo! Bado watatu!"

Kiongozi alimuuliza kama anataka kujaribu mwenyewe, kina kifupi, ameshikwa mkono. Akasema asante, nina kazi.

Siku ya tano, Jumatatu

Niliamka na mafua. Madogo, ya feni ya usiku. Nilijua sitakiwi kuzamia na pua iliyoziba, na nikavaa suti ya kuzamia.

Tulikuwa tunakwenda ukuta wa Dindini, nje ya ghuba, bahari kuu. Upepo wa kaskazi bado ni mchanga lakini huko nje wimbi lipo, refu, linainua boti na kuiweka. Nilishuka mita 2, nikabana pua nikapuliza, sikio la kulia likafunguka, la kushoto likakataa. Nikashuka kidogo. Mita 4, ikawa kama mtu ananichoma kwa sindano ya kushonea magunia. Watu hudhani hatari iko kilindini tu, kumbe masikio yanaumia hapa juu, kwa sababu ndipo hewa iliyo ndani ya sikio inapobanwa haraka kuliko popote. Kiongozi alinitazama, akanyoosha dole gumba juu: panda.

Nikapanda. Mwalimu aliandika. "Dakika nne," akasema, akanipa kanga.

Na hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nijue kuzamia, nikabaki juu wakati wenzangu wako chini.

Ni vigumu. Boti ikiwa inatembea hulevywi sana, ni pale inaposimama na kuyumba ubavu kwa ubavu ndipo tumbo linapopanda. Harufu ya dizeli. Jua. Hakuna cha kufanya. Nilitazama saa, dakika sita. Nikazungumza, nikanyamaza, nikatazama tena, dakika tisa. Nilijua kila wanachokifanya chini, nilijua kiongozi ni mzuri na hewa ipo, na bado macho yangu yakawa yanatafuta kitu cha kushika juu ya yale maji na hakuna.

"Usitazame penye jua," Mwalimu akasema. "Huko utaona kumetameta tu. Tazama upande wetu wa kivuli, halafu usikazie macho. Pale."

Sikuona.

"Pale, kwenye ile laini. Maji yanakuwa kama yanachemka kidogo, halafu yanaacha, halafu yanachemka. Wanaochemka bila kuacha ni wale vijana wawili, wanavuta kama pampu. Kiongozi ni yule wa pembeni, wake unakuja mara moja moja."

Nikaona. Kiraka cha maji laini, upana wa mkeka, mapovu yanafumuka katikati.

"Mimi nikiwa chini ni kupi?"

"Wewe unakaa nyuma siku zote. Na ukiona kitu unasimama, wenzako wanakuacha, halafu unawakimbilia." Alisema bila lawama, kama mtu anayesoma ripoti. "Jumapili umesimama mara tano."

Dakika ya 50 nilikuwa nimesimama pale pale mbele alipokuwa amesimama yeye Ijumaa. Walipotoa vichwa nilihesabu kwa sauti bila kuambiwa.

Alasiri, kwa kuwa sikio limenifunga, tukavuka kwenda kisiwa cha Juani kuona magofu ya mji wa Kua. Misikiti imebomoka, miti imekaa juu ya kuta. Mapokeo yanasema mji uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliyetuongoza akatupa na ile hadithi nyingine: watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, waliunda jahazi, siku ya kulishusha wakawakamata watoto wa Kua wakawalaza chini ya mkuku badala ya magogo. Watu wa Kua wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, karamu ikaandaliwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, na wageni wakiwa ndani mlango ukajengewa. Mwalimu hakusema kitu hadi tumefika kwenye mashua. Halafu akasema wale mafundi wa Chole walimwambia leo chombo kinashushwa kwa magogo na nyimbo.

Siku ya sita, Jumanne

Potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote. Kwa hili tulirudi Kilindoni, maana wao hukaa upande ule, Oktoba hadi Machi, karibu na ufuo kabisa, wanafuata vijidagaa na kamba wadogo sana. Hapa hakuna mitungi. Ni miwani na mrija tu, kwa hiyo aliyezamia mara mia na asiyezamia kabisa wako sawa, na kwa sikio langu bovu hilo lilinifaa. Masharti ni machache: usimguse, usimkatie njia, kaa mbali na mkia.

Tulizunguka saa nzima. Baharia alikuwa wa kwanza kuona kivuli, kisha pezi la mgongoni, kisha lile pezi la mkia linaloyumba taratibu. Nikaingia. Alikuwa na urefu wa mita 6 hivi, mdomo wazi kama mlango wa banda, anachuja maji, jicho dogo pembeni kama kitufe cha shati. Alinipita bila kunijali.

Nilipogeuka kutazama boti nilimwona Mwalimu anashuka ngazi. Jaketi la uokozi, miwani, mikono miwili imeng'ang'ania boya la duara, na baharia ameshika kamba yake. Hatukuwa tumepanga. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama kitambo, akasema kitu kwa Kikinga, lugha ya kwao, akajiachia. Uso majini. Potwe akageuza, akarudi, akapita chini yake, taratibu, kichwa, mapezi, yale madoa yote, mkia.

Walimvuta juu baada ya muda mfupi sana. Alikaa kwenye benchi anatoa maji puani.

"Vipi, Baba?"

"Ana madoa kama kitenge." Akakohoa. "Yana mpangilio."

Nikamwambia watafiti huwapiga picha nyuma ya mashavu na kumtambua kila mmoja kwa madoa yake, hakuna wawili wanaofanana. Akanitaka nirudie. Akaomba daftari, mikono bado inatetemeka.

Siku ya saba, Jumatano

Chombo cha kurudi Nyamisati kilijaa: nazi, madumu, baiskeli, mtoto mmoja aliyelia tangu gatini. Mwalimu alikaa katikati kabisa kama mwenyeji, akamwambia mama wa yule mtoto atazame mbali, asitazame chini, akamgawia tangawizi. Halafu akalala, kichwa kwenye begi langu la kuzamia.

Nilichukua daftari lake nipate muda wa Dindini, nijaze kumbukumbu zangu. Kurasa za kwanza ni michoro ya mataruma, mishale na nyuzi za pembe, na alama ya kuuliza kubwa. Kisha zile safu nne. Siku ya Milimani, watu sita, tiki sita. Dindini, tiki sita, na mbele ya jina langu: "Sikio." Ukurasa wa jana, kwa kalamu nyekundu, mwandiko umepinda, ameandika jina lake mwenyewe. Ameingia 3:51. Ametoka 3:52. Safu ya mwisho ameiacha wazi.

Nikachomoa kalamu mfukoni mwake, nikamwekea tiki.